Skrini za Kijani za Tongaren

"Punguza mwendo. Mwache aende."

Sauti ya Mukami, mkuu wake aliyekuwa Nairobi, ilimfikia sikioni wazi kabisa. Nasro alijifanya hajaisikia.

Pikipiki yake ya Boxer ilinguruma juu ya lami ya Kitale kwenda Suam. Mbele yake, lori la Canter lenye turubai la bluu ilikata kona bila kupunguza mwendo. Juu ilibeba kabeji. Chini ya kabeji kulikuwa na vipande vya madini ya risasi, yaliyoyeyushwa kutoka kwa betri kuukuu za magari. Nasro hakuwa anakisia. Aliyaona yakipakiwa kwa darubini yake ya Nikon, akiwa amelala kifudifudi ndani ya shamba la mahindi huku siafu wakimtafuna.

"Nasro!"

"Niko nyuma yake, Madam. Nipe amri."

"Amri ya kukamata kabeji?"

"Ya kukamata kilicho chini ya kabeji."

"Bila amri ya mahakama huligusi hilo lori. Na hakimu ameangalia ramani ya hewa. Tongaren ni kijani. Amesema hivi: pasipo na moshi hapana tanuri, na pasipo na tanuri hakuna madini. Rudi."

"Madam, mimi nimekohoa huo moshi!"

"Kikohozi chako si ushahidi. Rudi."

Laini ikakatika.

Nasro alishika breki. Canter ikazidi kuwa ndogo, ikapanda kilima, ikapotea upande wa mpaka wa Uganda. Alivua helmeti na kuipiga teke, ikaviringika hadi mtaroni. Kisha ikabidi ashuke mtaroni kuifuata, maana ilikuwa mali ya serikali na angedaiwa maelezo. Hilo nalo lilimkera.

Alikuwa mpelelezi wa Kitengo cha Saba, idara isiyo na bango wala mlango wa mbele. Alizaliwa Bungoma mjini, nyuma ya msikiti, katika familia ya wauza vitambaa. Aliwahi kuwanasa walanguzi wa bunduki, wa dhahabu bandia na wa pasipoti. Hakuwahi kushindwa na rangi ya kijani.

Rangi hiyo ililetwa na mtu mmoja, Hesbon, tajiri wa Kitale mwenye mradi ulioitwa Pumua Salama. Hesbon aligawia watu wa Tongaren vituo vidogo vya hali ya hewa vya nyumbani, aina ya Ventora, bure kabisa. Kidude cheupe kinafungwa ukutani nje. Skrini inakaa sebuleni. Skrini inaonyesha joto, mvua, na namba ya ubora wa hewa ikiwa na rangi yake. Kijani, pumua. Nyekundu, ingia ndani. Namba zote hutumwa kwenye ramani moja ambayo kaunti, hospitali na mahakama huiamini kuliko pua zao.

Tanuri la kuyeyusha betri lilikuwa la Hesbon huyohuyo. Lilifichwa hapohapo Tongaren, ndani ya ghala kuukuu la kukaushia mahindi, na ukuta wake wa nyuma ndio uliokuwa ua wa shule ya chekechea.

*

Kizito alikuwa akimngoja Tongaren, ndani ya Probox nyeupe yenye antena mbili. Alikuwa mtaalamu wa mitambo wa Kitengo, mzaliwa wa Bumula, mtu mnene asiyejua kukasirika. Siku hiyo tabia hiyo ilimuudhi Nasro kupita siku zote.

"Rori imeenda?" Kizito aliuliza.

"Imeenda."

"Pole, bana. Kula ndizi."

"Sitaki ndizi."

Walienda kwa Phelista. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ghala. Huyo ndiye aliyepiga simu kwa Kitengo kwanza, baada ya kuzungushwa na kila ofisi aliyoijua. Waliwakuta yeye na binti yake sebuleni. Judy, mtoto wa miaka sita, alikuwa amejilaza kwenye kochi akishika tumbo. Miguu yake ilikuwa myembamba kuliko ya mtoto wa umri wake, na alipoulizwa jina la mwalimu wake alifikiri, akafikiri, akaacha.

"Alikuwa anajua kuhesabu mpaka mia," Phelista alisema. "Sasa akifika kumi anapotea. Hosipitali wanasema ni minyoo. Nimempea dawa ya minyoo mara tatu. Nikawaambia wapime damu waone kama ni hiyo sumu ya betri, wakaangalia kwa komputa. Ati Tongaren hewa iko sawa, sampuli haiwezi tumwa Nairobi bila sababu."

"Skrini yako iko wapi, Mama Judy?"

Phelista alifunua kitambaa cha kufuma kilichofunika skrini, kama vile vilivyofunika televisheni, redio na makochi yote mle ndani. Kijani. Thelathini na tisa.

"Na kile kidude cha nje?" Kizito aliuliza.

"Kiko salama."

"Salama wapi?"

"Chini ya kitanda. Si wataiba!"

Nasro alifumba macho. Ikawa hivyohivyo kwa jirani, aliyekiweka ndani ya sanduku la nguo. Wa tatu alikitundika kwenye banda la kuku, akisema huko kuna mbwa. Wa nne alikifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mradi mzima wa kupima hewa ya Tongaren ulikuwa ukipima hewa ya chini ya vitanda.

"Ndiyo maana ni kijani!" Nasro alisema. "Toeni nje! Vyote!"

Walitoa. Walivifunga ukutani, vikatazama ghala. Moshi wa kijivu ulikuwa ukitoka taratibu kwenye paa na kushuka upande wa shule, na kooni ulikuwa na ladha ya chuma. Namba kwenye skrini ya Phelista ikaanza kupanda. Hamsini. Sabini. Nasro alishika simu tayari kumpigia Mukami.

Namba ikasimama kwenye tisini na tano.

Kijani.

"Hapana," Nasro alisema. "Hapana, hapana, hapana."

Alibonyeza kipimo chake cha mkononi, kilichofichwa ndani ya saa yake ya Casio. Chembe za vumbi: mikrogramu hamsini na saba. Kizito alivaa miwani, akakiangalia, akaiangalia skrini, kisha kwa mara ya kwanza tangu Nasro amjue akaacha kutafuna.

"Mashine haidanganyi," alisema. "Vumbi imeona sawasawa. Hamsini na saba. Lakini hiyo namba ya rangi si vumbi yenyewe. Ni hesabu. Na kila nchi iko na hesabu yake. Hii vumbi kwa hesabu ya India ni tisini na tano, bado kijani. Ukiweka ya Malekani ni mia moja hamsini na mbili. Nyekundu kabisa."

"Nani amekosea?"

"Hakuna. Kila mtu na ngazi yake na sababu zake. Lakini mkataba wa Pumua Salama na kaunti, niliusoma, ulisema Malekani. Mtu amebadilisha nchi, halafu akafunga na pasiwadi."

"Weka ya Kenya basi!"

Kizito alishuka kwenye orodha ya nchi ndani ya skrini, polepole, akarudi juu, akashuka tena.

"Kenya haiko," alisema.

Nasro alitoka nje ili asivunje kitu cha mtu.

Kwenye simu, Mukami alisikiliza yote. Aliuliza maswali mazuri. Halafu akasema, "Kipimo cha mkononi mwako hakijasajiliwa. Hakimu anataka ramani. Na ramani inafuata setingi ya mwenye mradi. Nipe nyekundu kwenye ramani, nikupe amri papo hapo."

"Yaani nimwombe mwizi atoe ushahidi?"

"Sikusema umwombe," Mukami alijibu, akakata.

*

Jibu lilipatikana katika sherehe.

Hesbon alikuwa akisherehekea mafanikio ya Pumua Salama nyumbani kwake Kitale, kesho yake mchana. Maofisa wa kaunti wote walialikwa, pamoja na wachungaji na wafanyabiashara wa karibu na msikiti. Nasro alimwelewa mara moja. Wakati wakubwa wote wakiwa na vijiko mikononi, lori la mwisho lingehamisha madini na vyuma vya tanuri kupitia Suam. Ghala lingebaki tupu. Watoto wangebaki na sumu mwilini, na hakuna ambaye angejua awatibu kitu gani.

Kwa kuwa wageni Waislamu walikuwa wengi, mbuzi na pilau vilihitaji mikono ya Kiislamu. Mambo yako hivyo pande hizo, hata kwa mlanguzi. Lorraine, mke wa Hesbon, aliulizia mpishi msikitini. Msikitini kulikuwa na shangazi yake Nasro.

Asubuhi Nasro aliingia kwenye lango la Hesbon akiwa na sufuria mbili kubwa, mwiko mrefu kama mkono, na Glock 19 iliyozikwa ndani ya gunia la mchele.

"Niaje, Mama Pilau," kijana wa ulinzi alisema. "Si utaniwekea ukoko?"

"Ukichunga lango vizuri."

Alikoka moto uani, nyuma ya nyumba. Juu ya ukuta wa baraza kilining'inia kidude cheupe cha Ventora, nje kabisa, mahali panapostahili. Chini yake alikaa mama mzazi wa Hesbon, bibi mwenye pampu ya pumu kwenye mfuko wa sweta. Kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya.

"Mtoto wa nani wewe?" Kukhu aliuliza.

"Wa Adow wa vitambaa, wa Bungoma."

"Yule mwembamba! Nilinunua kwake nguo ya harusi. Hii moshi yako lakini, mama, kijana yangu hapendi. Aliniwekea hii kitu sababu ya kifua yangu. Ikiwa nyekundu hata mbwa anaingizwa ndani."

Nasro alikuwa akikata vitunguu. Kisu kilisimama.

"Hata kwa moshi kidogo tu?"

"Hata ya kuchoma mahindi!"

Kwa hiyo Hesbon alikuwa anajua. Kwa mamake alichagua ngazi kali, na kwa Judy akachagua nyingine. Hasira iliyompanda Nasro haikuwa ya kikazi. Alitamani kumwendea Hesbon na mwiko hapohapo.

Badala yake alifuta mikono, akamshika Kukhu na kumpeleka taratibu hadi kwenye hema mbele ya nyumba, ambako upepo ulikuwa safi, akamkalisha kiti cha mbele kabisa. Ndipo akarudi uani na kusukuma kuni mbichi motoni.

Kwenye kifaa kidogo sikioni, Kizito alinong'ona: "Rori imetoka ghara. Niko nyuma yake. Tunakaribia Kitale, halafu Suam."

"Usimpoteze."

Moshi ulijaa uani. Sebuleni kitu kilianza kulia kwa sauti kali, na Hesbon akatoka mbio, suti nyeusi, tai nyekundu, jasho.

"Nani ameleta kuni mbichi? Imefika mia moja hamsini na tatu! Mnataka kuua mamangu?"

"Samahani, Mzee. Nitazihamisha."

"Hamisha sasa hivi!"

Alirudi ndani akikohoa. Kupitia dirisha la sebuleni Nasro alimwona akifunua kitambaa cha kufuma juu ya meza, akigonga pasiwadi kwenye skrini kubwa kuliko zote alizowahi kuziona za aina ile, ili aone kama namba inashuka. Huo ndio ulikuwa mtambo mkuu wa mradi mzima.

Mtambo ukiwa wazi, mwenyewe akiwa amesimama mbele yake. Nasro alihitaji aondoke bila kuufunga, na hakujua amwondoe vipi.

Hakulazimika kumwondoa. Kipaza sauti hemani kilikoroma, na mshereheshaji akatangaza: "Kabla ya maombi ya chakula, tutakuwa na utambulisho. Mwenye boma aje atutambulishie wageni!"

Hakuna mkutano upande huo wa nchi unaokula kabla ya utambulisho. Mwenye boma asiposimama kuwataja wakubwa mmoja mmoja, kwa vyeo, wakubwa hununa, na wakubwa wakinuna hukumbuka mambo. Hesbon alisita, akaitazama skrini, akaitazama hema.

"Mheshimiwa Hesbon!"

Alitupia kitambaa juu ya skrini na kukimbia.

Nasro aliingia, mwiko mkononi.

Alifunua kitambaa. Mtambo ulikuwa bado wazi. Vituo vyote vya Tongaren vilijipanga kwenye skrini, na kando ya kila kimoja pameandikwa India. Kituo kimoja tu kiliandikwa Marekani: Nyumbani, Kitale. Alipiga picha kwa simu, mara mbili, akazituma kwa Mukami.

"Nasro," Kizito alisema sikioni. "Tumepita Kitale kitambo, Suam iko karibu. Anaenda mbio."

Aligusa *Vituo vyote*. Aligusa *Badilisha nchi*. Orodha ikafunguka kuanzia herufi A, nayo ikashuka kwa uvivu usioelezeka, duara dogo likizunguka katikati. Intaneti ya tajiri mzima ilikuwa mbovu kuliko ya Bumula.

"Haraka, wewe takataka," aliiambia.

Nje Hesbon alikuwa kwenye mgeni wa tatu. Watu walipiga makofi ya kilo, yale ya kusugua viganja kwanza.

"Unafanya nini hapo?"

Alikuwa kijana wa lango. Lakini hakuwa tena na uso wa kutaka ukoko, na mkononi alikuwa na rungu.

"Natafuta kitambaa cha kushikia sufuria."

"Kwa mashine ya mdosi?"

Rungu lilishuka. Nasro aliinama, likavunja glasi mezani. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake. Alimpiga nao kwenye kifundo cha mkono, rungu likaanguka, kisha akamzungusha na kumkandamiza kwenye kochi, uso ndani ya vitambaa vya kufuma. Kijana alipiga kelele. Kelele zikaishia ndani ya mto.

"Ukinyamaza utaondoka na mkono wako," Nasro alimwambia. "Huyo mdosi anapeleka sumu kwa watoto. Wewe una mtoto?"

Kijana alitikisa kichwa kwamba anaye.

"Basi nyamaza."

Kwa mkono mmoja alimshikilia. Kwa mwingine aligusa *Marekani*. Duara likazunguka. Likazunguka. Kizito akasema lango la Suam linaonekana. Duara likazunguka.

Tongaren ikawa nyekundu.

Kituo kimoja, halafu vitano, halafu vyote, mpaka ua wa shule. Mia moja hamsini na nane. Mia moja sitini na mbili. Moto ulikuwa umeshazimwa ghalani, lakini vibarua walikuwa wakibomoa matofali ya tanuri, na jivu lilikuwa hewani.

Simu ililia papo hapo.

"Naiona," Mukami alisema. "Hakimu anaiona pia. Picha za setingi zimefika. Amri imetoka."

"Kizito!" Nasro alisema. "Mkamate!"

Sikioni alisikia Probox ikinguruma, breki, honi ndefu, mtu akitukana kwa lugha tatu. Kisha sauti ikakatika.

"Kizito?"

"Niko," Kizito alijibu, akihema. "Nimeziba barabara. Kabeji zimemwagika zote. Chini yake ni madini tupu. Dereva anasema yeye ni mkulima."

Nasro alimwachia kijana, akatoka hadi hemani bila kufunga aproni vizuri. Hesbon alikuwa bado na kipaza sauti, akimtambulisha mtu wa idara ya afya. Ofisa huyo hakuwa akisikiliza. Aliitazama simu yake, na wenzake nao walizitazama simu zao, safu baada ya safu.

"Mzee Hesbon," Nasro alisema, akimwonyesha kitambulisho. "Umesahau kunitambulisha. Naitwa Nasro, Kitengo cha Saba. Weka mikono mbele."

Hesbon alimtazama mamake. Kukhu alikuwa ameketi mstari wa mbele, pampu mkononi, akijaribu kuelewa.

"Mamangu ana pumu," Hesbon alisema kwa sauti ndogo. "Msiniaibishe mbele yake."

"Nimemkalisha mahali penye hewa safi," Nasro alisema. "Twende."

*

Siku iliyofuata Nasro alipanda hadi Tongaren. Hospitali ilikuwa imetuma gari, na muuguzi alikuwa akiwatoa watoto damu mmoja mmoja chini ya turubai, sampuli zikipangwa kwenye jokofu la kubeba ili zifike Nairobi. Judy alilia kidogo, akapewa biskuti.

Phelista alikuwa amesimama sebuleni mwake mbele ya skrini. Hewa ilikuwa imeanza kutulia. Namba ilikuwa ya njano.

"Hii sasa ndiyo ya ukweli?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama Judy."

"Na ile ya kijani ilikuwa ya uongo siku zote?"

"Vumbi lilikuwa la kweli. Rangi ndiyo walibadilisha."

Phelista aliisogelea skrini. Alichukua kitambaa cha kufuma, akakikunja, akakikunjua.

"Judy alikuwa anataka kukaa ndani," alisema. "Alikuwa anasema nje kunanuka. Mimi kila asubuhi naangalia hii kitu. Naona kijani. Namwambia, toka, enda ucheze, hewa ni nzuri, hata mashine inasema. Nilikuwa namfukuza, Nasro. Siku zingine na kiboko."

Nasro alimshika Phelista bega, akalishikilia, na Phelista hakugeuka.

Alipotoka nje, simu ilitetemeka. Mukami: alitaka ripoti kabla ya jioni, na alitaka kujua kwa nini helmeti ya serikali imebonyea.

Nasro aliizima simu. Alivaa helmeti iliyobonyea, akawasha Boxer, akapita polepole kando ya ua wa shule iliyofungwa, kisha akaongeza mwendo na kuelekea Bungoma.